Wajir: Njia Moja ya Ndege, Mabwana Wawili

Katika mji wa Wajir kuna njia moja ndefu ya lami ambapo ndege hurukia na kutua. Njia hiyo ina mabwana wawili. Wa kwanza ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nchini, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1991, ambalo ndilo linalosimamia shughuli za abiria. Wa pili ni Jeshi la Wanahewa, ambalo lina kambi yake papo hapo. Ndege inayompeleka mgonjwa Nairobi na ndege ya kivita inayoelekea mpakani hukanyaga lami ileile. Jambo hilo peke yake si ajabu, kwani nchi nyingi duniani zina viwanja vya namna hiyo, nasi hatuandiki tahariri hii kuwalaumu marubani wala wanajeshi kwa kutumia njia moja. Tunaandika kuuliza swali ambalo kwa maoni yetu lingepaswa kuwa na jibu lililoandikwa na kuchapishwa: raia wa Wajir anaposimama mbele ya lango la uwanja huo akiwa na tikiti mkononi, je, anasimama hapo kwa haki yake au kwa hisani ya bwana wa pili?

Tunajua wapo watakaotucheka. Watasema kwamba harakati za kuleta vyama vingi zilihusu kura na katiba, si magogo ya uwanja wa ndege katika jangwa. Tunawajibu kwamba wameielewa nusu tu ya habari. Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba ya zamani mnamo Desemba 1991, Wakenya hawakupewa vyama tu ili wachague rangi ya fulana za kampeni. Walirudishiwa uwezo wa kumuuliza mwenye mamlaka, bila kuogopa, mamlaka yake yametoka wapi na mipaka yake iko wapi. Uwezo huo haupimwi Nairobi mbele ya kamera. Hupimwa mahali ambapo mwananchi asiye na cheo hukutana uso kwa uso na mwenzake aliyebeba bunduki ya serikali, na mahali hapo, kwa watu wa Kaskazini Mashariki, pamekuwa ni vizuizi vya barabarani na malango ya viwanja vya ndege.

Msomaji wa Nyeri au Kakamega huenda asione uzito wa jambo hili, kwa kuwa kwake ndege ni chombo cha matajiri na watalii. Kaunti ya Wajir ina watu zaidi ya 781,000 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, na ardhi yake ni kubwa kuliko mataifa kadhaa yenye viti katika Umoja wa Mataifa. Kutoka mjini Wajir hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, na sehemu kubwa ya barabara hiyo iliachwa bila lami kwa miongo mingi tangu uhuru. Mvua kubwa ikinyesha, udongo ule hugeuka tope lisilopitika. Wakati wa mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, barabara zilikatika, na katika kipindi hichohicho ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa ukawaangamiza watu na mifugo katika Garissa na Wajir. Katika siku kama hizo mwanamke aliyeshindwa kujifungua, mtoto aliyeumwa na nyoka na dawa za hospitali vyote hutazama juu. Kwa watu hawa uwanja wa ndege ni daraja la mto uliofurika, na mwenye kulishika daraja huwa ameshika uhai wa walio ng'ambo.

Ili tuelewe kwa nini swali la nani mwenye lango ni zito Wajir kuliko kwingineko, yatupasa turudi nyuma. Serikali ya wakoloni iliigeuza nchi hiyo ya kaskazini kuwa eneo lililofungwa kwa kanuni zilizoanzia mwaka 1902. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Wajir ilikuwa ngome kabla ya kuwa mji. Vita vya pili vya dunia vilipofika Afrika Mashariki, mji huo ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kushambuliwa nchini mwetu: Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940, na siku tatu baadaye, tarehe 13 Juni, ndege zake zikaidondoshea Wajir mabomu, kwa sababu palikuwa na kiwanja kilichokuwa na ndege za kivita na mafuta yake. Wafugaji waliokuja kunywesha ngamia katika visima vya Wajir hawakuwa na ugomvi wowote na Roma. Kosa lao lilikuwa ni ujirani.

Wakoloni waliondoka, lakini lango halikufunguliwa. Mnamo Desemba 1963, mwezi uleule tulioupandishia bendera, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vyenyewe vilikwisha katika miaka ya sitini. Hali ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa muda wa takriban miaka 28 Wakenya wa eneo hilo waliishi chini ya kanuni zilizowaruhusu maofisa kuwakamata, kuwaweka kizuizini na kuwazuia wasitembee, kanuni ambazo zingezusha ghasia kama zingetumiwa Kiambu. Na ili wenye kuzitumia wasije wakaulizwa, Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga ya mwaka 1970, iliyozuia watu kwenda mahakamani kudai fidia kwa yale waliyotendewa na watumishi wa serikali katika eneo hilo tangu tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967. Sisi tuliosomea sheria tulifundishwa kwamba pasipo na njia ya kudai hapana haki. Sheria hii iliandikwa na watu waliofundishwa hivyohivyo, na waliielewa vizuri sana kanuni hiyo, ndiyo maana wakaitumia kinyume.

Kisha ikaja Wagalla. Kiwanja cha Wagalla si uwanja huu tunaouzungumzia, na msomaji asivichanganye: ni kiwanja kidogo kilicho umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka mjini. Lakini hakuna anayeweza kuzungumza habari za ndege na wanajeshi Wajir akakipita kimya. Kuanzia tarehe 10 Februari 1984, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika kiwanja hicho. Waliwaweka juani kwa siku kadhaa, wamevuliwa nguo, bila chakula wala maji. Wengine walikufa kwa kiu na kipigo, wengine kwa risasi. Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alikwenda kuwatafuta walio hai na kuwazika waliokufa, na kwa ajili ya kazi hiyo na kwa kutonyamaza kwake alilazimika baadaye kuondoka Kenya. Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, alilifikisha jambo hilo Bungeni mwaka uohuo wa 1984, katika enzi za chama kimoja, ambapo kufungua mdomo kulikuwa na bei.

Serikali ilijibu kwamba waliokufa ni watu 57. Mwaka 2000, miaka 16 baadaye, Bunge hilohilo likaambiwa na waziri kwamba waliokufa ni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilipotoa ripoti yake mnamo Mei 2013, iliona kuwa huenda idadi ikakaribia 1,000. Tafadhali, msomaji, zitazame tena hesabu hizo. Hatuzungumzii vifo vya kale vya vitani ambavyo havikuwa na karani. Tunazungumzia raia waliokusanywa mchana, na serikali yenye madaftari, mishahara na simu za upepo, katika mahali palipokuwa na mipaka inayojulikana. Tofauti kati ya 57 na 380 haikuletwa na ugumu wa kuhesabu. Ililetwa na ukweli kwamba kiwanja kile, kwa siku zile, kilikuwa na bwana mmoja tu, na bwana huyo hakuwa na shahidi wala mtu wa kumwuliza.

Hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya ndugu zetu wa harakati wanaosema kwamba dawa ni kuwatenga wanajeshi na raia kabisa, kila mmoja awe na uwanja wake. Rai hiyo ina mantiki, na jijini Nairobi iliwahi kutekelezwa. Hadi mwaka 1958 abiria wa Nairobi walitumia Eastleigh pamoja na jeshi la anga la Waingereza. Mwaka huo Embakasi ikafunguliwa, uwanja uliojengwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau, na Eastleigh ikabaki mikononi mwa wanajeshi. Baadaye mno, katika mwaka 1997, Eldoret nayo ikapata uwanja wa kimataifa mpya kabisa, huku wananchi na wafadhili wakiuliza abiria wa kuujaza watatoka wapi; lakini Eldoret ilikuwa na bahati ya kuwa karibu na nyumbani kwa mkubwa. Wajir haina bahati hiyo. Anayewaambia watu wa Wajir wangoje serikali ijenge uwanja wa pili anawaambia wangoje kiama. Zaidi ya hayo, sisi tunaamini kwamba kuwepo kwa raia mahali pale ni kinga. Pale ambapo muuguzi, mwanafunzi, mfanyabiashara wa mifugo na rubani wa ndege ya abiria wanaingia na kutoka kila siku, si rahisi jambo kubwa likatendeka na likafichwa kwa miaka 16. Basi hatudai watenganishwe. Tunadai ushirika huo uwe na sheria inayosomeka.

Tuseme pia lililo la haki. Jeshi si adui wa Wajir kila siku ya mwaka. Mnamo Agosti 1992, ukame na vita vya Somalia vilipowajaza watu wenye njaa katika Kaskazini Mashariki, ndege za jeshi la Marekani zilizokuwa Mombasa zilianza kubeba chakula cha msaada, na safari zao za mwanzo zilikwenda Wajir. Njia ndefu iliyo imara kiasi cha kubeba ndege nzito za kijeshi ndiyo hiyohiyo inayoweza kupokea ndege ya unga na maharagwe. Wala hatuwezi kujifanya hatuoni hatari iliyopo. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mtu anayesema Wajir haihitaji ulinzi hajafika Wajir.

Lakini ulinzi na usiri si kitu kimoja, na hapa ndipo tunapodanganywa tangu zamani. Tarehe 5 Januari 2020 washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia katika uwanja wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, wakawaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Uwanja ule ni wa kijeshi. Abiria wa kawaida wa Lamu hutumia uwanja mwingine. Hapakuwa na msongamano wa raia wa kulaumiwa, wala hapakuwa na mwandishi wa habari aliyechungulia ua. Uchunguzi wa Wamarekani wenyewe, uliotangazwa mwaka 2022, uliona uzembe katika maandalizi ya ulinzi. Na wao, tuwape haki yao, waliuchapisha uzembe huo kwa walimwengu kuusoma. Sisi kwetu, mtu akiuliza mpaka wa kambi uko wapi, huulizwa yeye ametumwa na nani.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana, nayo inatokana na ujirani uleule wa mwaka 1940. Katika sheria za kimataifa za vita, uwanja wa kijeshi ni shabaha halali ya adui. Itifaki ya Kwanza ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ambayo Kenya iliikubali mwaka 1999, inazitaka serikali zijiepushe, kwa kadiri iwezekanavyo, kuweka shabaha za kijeshi ndani au karibu ya mahali penye watu wengi, na zichukue tahadhari za kuwakinga raia walio karibu nazo. Mikataba hiyo haikuandikwa kwa ajili ya maonyesho. Maana yake kwa Wajir ni mambo ya kawaida kabisa: mafuta na risasi vya kijeshi vikae mbali na jumba la abiria, njia ya kuwaondoa raia wakati wa shambulio ijulikane na ifanyiwe mazoezi, hospitali ya mji iwe na uwezo wa kupokea majeruhi wengi kwa mara moja. Serikali iliyoamua kuweka kambi yake ya ndege ubavuni mwa abiria imejitwika mzigo huo yenyewe. Haiwezi kuukabidhi kwa Mwenyezi Mungu.

Tena uwanja huu umewahi kupewa kazi ambayo wenyeji hawakuulizwa. Kwa miaka mingi baada ya mwaka 2006, ndege za abiria zilizotoka Mogadishu kuja Nairobi zililazimika kushuka kwanza Wajir ili watu na mizigo yao wakaguliwe, na amri hiyo ilirudishwa tena Mei 2019, wakati Kenya na Somalia zilipokuwa zikivutana juu ya mpaka wa bahari. Huenda ukaguzi huo ulikuwa na sababu zake. Lakini tazama sura yake. Mji wa Wakenya ulifanywa kuwa chujio la Nairobi, kana kwamba hatari ikishuka Wajir huwa haijashuka Kenya. Lugha hiyo ndiyo watu wa Kaskazini Mashariki walioisikia mwaka 1989, serikali ilipowapanga foleni Wakenya Wasomali peke yao ili wathibitishe uraia wao, na wakaisikia tena Aprili 2014, maelfu walipokamatwa Nairobi na wengi wao kufungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Ni mpaka Februari 2025 ambapo Rais alikwenda Wajir akatangaza kufutwa kwa msasa wa ziada waliokuwa wakipitishwa vijana wa huko wanapoomba kipande. Tulilikaribisha tangazo hilo. Hata hivyo, tangazo la Rais haliwezi kumsaidia kijana langoni ikiwa mwenye lango ana kitabu chake mwenyewe cha kanuni.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa maana hapo ndipo madai yetu yanaposimama. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika Ibara ya 239 kwamba vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Haisemi viko chini isipokuwa Kaskazini Mashariki. Ibara ya 241 inaliruhusu jeshi kupelekwa kurejesha amani katika sehemu yenye machafuko nchini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Ibara ya 39 inampa kila mtu uhuru wa kutembea. Uhuru huo unaweza kupunguzwa, lakini Ibara ya 24 inasema hupunguzwa kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Amri ya mdomo ya afisa wa zamu si sheria. Ikiwa abiria atazuiwa kuingia, au ndege ya mgonjwa itaambiwa ingoje kwa sababu ya shughuli za kijeshi, basi pawe na kanuni iliyochapishwa inayosema ni nani mwenye uwezo wa kutoa amri hiyo, kwa sababu zipi, kwa muda gani, na aliyeumia alalamike wapi. Katika safari za anga za kimataifa jambo hili lilifikiriwa zamani: Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 haukuzitawala ndege za kijeshi, lakini uliyataka mataifa, yanapoziwekea kanuni, yazingatie usalama wa ndege za raia. Kama ndege ya kijeshi iliyo angani hutakiwa kumjali raia, sembuse mlinzi wa lango aliye ardhini.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Ardhi ya Wajir, kwa Katiba ya zamani, ilikuwa ardhi ya amana, iliyoshikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wenyeji. Serikali ilikuwa na uwezo wa kutenga sehemu yake kwa matumizi ya umma, likiwemo jeshi, lakini kwa utaratibu maalum na kwa kuwalipa fidia waliokuwa na haki juu yake. Katiba ya sasa inaiita ardhi inayotumiwa kihalali na vyombo vya dola ardhi ya umma, na neno la maana hapo ni “kihalali”. Malisho na njia za ngamia kuelekea visimani ni haki za jamii, hata kama hazina ua wala hati yenye muhuri. Kwa hiyo tunataka kuona karatasi: ilani za Gazeti Rasmi la Serikali zilizotenga ardhi hiyo, ramani ya mipaka ya kambi, ramani ya mipaka ya uwanja wa abiria, na orodha ya waliolipwa. Ramani ya mipaka haimfaidi adui. Adui anauona ua kwa macho yake. Asiyeujua mpaka ni mchungaji wa miaka 14 anayemfuata ngamia wake jioni, na kosa lake la hatua mia moja laweza kumgharimu maisha.

La mwisho ni fedha. Abiria wa Wajir hulipa ada ya abiria ndani ya tikiti yake kama alipavyo wa Kisumu au Malindi. Ada hiyo hulipiwa huduma. Basi hesabu iwe wazi: ni kiasi gani cha gharama za njia ile, taa zake, zimamoto na ukarabati wa lami hulipwa na abiria, na ni kiasi gani hulipwa na bajeti ya ulinzi? Lami iliyovunjwa na matairi ya ndege nzito za kijeshi isitengenezwe kwa jasho la mwalimu aliyekuwa akimpeleka mzazi wake hospitali. Swali hili Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana uwezo wa kulijibu, na Bunge lina wajibu wa kulidai.

Kwa hiyo tunawataka wabunge, maseneta na wawakilishi wa kaunti waliochaguliwa na watu wa Wajir waliache suala hili lisiwe la kubembelezana faraghani na makamanda. Usafiri wa ndege ni kazi ya serikali kuu kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Gavana hana uwezo wa kuamrisha lango lifunguliwe, na asijifanye anao. Lakini wabunge wanayo Kamati ya Ulinzi na Kamati ya Uchukuzi. Waziri wa Ulinzi na mwenzake wa Uchukuzi waitwe pamoja, wakae meza moja, ili mmoja asipate nafasi ya kumsukumia mwenziwe jibu. Wakija waje na mkataba wa matumizi ya pamoja ya uwanja huo. Kama una kurasa za siri za kijeshi, hizo zisomwe na kamati kwa faragha, na zilizobaki zichapishwe kwa Kiingereza, Kiswahili na Kisomali na kubandikwa penye lango. Kama mkataba haupo, basi waandike mmoja kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na wenyeji wasikizwe kwanza, hasa akina mama. Wajir ni mji ambao wanawake wake, akina Dekha Ibrahim Abdi na wenzake, walizima vita vya koo katika miaka ya tisini kwa kukaa na kuzungumza walipokuwa wanaume wamekwisha kushika silaha. Hawashindwi kukaa na kanali.

Tunaikumbusha serikali pia kwamba mnamo Machi 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa dhuluma zilizopita na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya kuwasaidia waathiriwa. Wajane wa Wagalla walizeeka wakiungojea. Radhi inayotolewa Nairobi na kanuni inayofichwa Wajir haziwezi kukaa katika kinywa kimoja.

Wasomaji wetu walioko Wajir hawana haja ya kumngoja mbunge. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa dola, na ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, ofisa anawajibika kumsaidia. Ofisa ana siku 21 za kujibu; habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ana saa 48. Akikataa kwa kisingizio cha usalama, atoe sababu zake, na mwombaji apeleke malalamiko yake kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya mtetezi wa wananchi. Andikeni barua mbili, moja kwa Wizara ya Ulinzi na moja kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Ombeni vitu vitatu tu: mkataba wa matumizi ya pamoja, ramani ya mipaka, na kanuni za lango. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mtuletee nakala hizo, nasi tutayachapa majibu yatakayokuja, na siku ya 22 tutazichapa barua ambazo hazikujibiwa, pamoja na cheo cha ofisa aliyezipokea.